Namna ya kuusoma msimu wa Seattle Metropolitans, 1916–17, kwa daftari na vifuniko vya soda

Nilipokutana mara ya kwanza na matokeo ya fainali ya Kombe la Stanley, kombe kubwa la hoki ya barafuni huko Amerika Kaskazini, ya tarehe 26 Machi 1917, Seattle 9, Montreal 1, sikuelewa kitu. Mimi nimekulia kwenye soka. Tisa kwa moja kwetu ni msiba, mashabiki wanarudi nyumbani kwa njia za panya. Nikadhani hao Montreal walikuwa vibonde. Kumbe walikuwa mabingwa watetezi, na golini alisimama Georges Vezina, ambaye tuzo ya golikipa bora wa NHL, ligi kuu ya hoki ya siku hizi, inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Marehemu baba yangu alikuwa na daftari la kuandikia kila mechi aliyoisikiliza redioni. Alikuwa akisema mechi usiyoiona kwa macho iandike kwa mkono, utaiona. Nikafanya hivyo kwa msimu huu wa hoki ya barafuni, na ikaniingia kiasi kwamba sasa nawajua wale wachezaji kama majirani. Nakueleza nilivyofanya. Utahitaji daftari, kalamu, vifuniko kumi na vinne vya soda vya rangi mbili, na jioni tatu au nne.

Kwanza isahau NHL

Hii ndiyo inayowapoteza wengi. NHL iliundwa Novemba 1917, miezi minane baada ya fainali yetu. Kombe la Stanley lenyewe lilikuwa linashindaniwa tangu 1893, na wakati huo halikuwa mali ya ligi moja. Mashariki mwa Kanada kulikuwa na ligi ya NHA. Magharibi, kwenye pwani ya Pasifiki, kulikuwa na PCHA, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Frank na Lester Patrick, mwaka 1911. Bingwa wa huku alikutana na bingwa wa kule, mwaka huu mashariki, mwaka unaofuata magharibi. Mwaka 1916 Portland, timu ya kwanza ya Marekani kuligombania kombe hilo, walisafiri hadi Montreal wakafungwa kwa mechi tatu dhidi ya mbili. Mwaka 1917 ikawa zamu ya Montreal kulivuka bara zima kwa treni.

Kwenye ukurasa wa kwanza chora mstari katikati. Kushoto andika PCHA, kulia NHA. Mstari huo utauhitaji tena, maana ligi hizi mbili hazikuwa na sheria zinazofanana.

Pili, nakili msimamo wa ligi na uujumlishe

Usiutazame tu msimamo, unakili. PCHA ilikuwa na timu nne msimu ule, na ilimalizika hivi:

Seattle: mechi 24, ilishinda 16, ilifungwa 8, magoli 125 kwa 80
Vancouver: mechi 23, ilishinda 14, ilifungwa 9, magoli 131 kwa 124
Portland: mechi 24, ilishinda 9, ilifungwa 15, magoli 114 kwa 112
Spokane: mechi 23, ilishinda 8, ilifungwa 15, magoli 89 kwa 143

Sasa jumlisha. Magoli ya kufunga yote ni 459, ya kufungwa ni 459. Ushindi 47, vipigo 47. Hesabu zikikubaliana namna hiyo, umenakili sawasawa. Zikikataa, rudi juu, kuna tarakimu umeiruka. Halafu angalia safu ya mechi: timu mbili zina 24 na mbili zina 23. Bila kuambiwa na mtu, unajua kwamba kuna mechi moja ya Vancouver na Spokane ambayo haikuchezwa. Nilipoligundua hilo peke yangu, nikicheza na namba tu usiku, nilifurahi kama nimeokota pesa.

Lakini hesabu kubwa ndiyo hii. Gawanya magoli 459 kwa mechi 47. Unapata karibu 10. Yaani kila mechi ya ligi ile, kwa wastani, ilikuwa na magoli kumi! Rudi sasa kwenye ile 9–1. Ni magoli kumi. Kwa idadi ya magoli, fainali ile ilikuwa mechi ya kawaida kabisa. Kilichokuwa cha ajabu ni ile 1, na mimi muda wote nilikuwa naishangaa 9.

Ukishaliona hilo, msimamo wote unasema jambo moja. Vancouver walifunga kuliko Seattle, na Gordon Roberts wao peke yake alipachika magoli 43. Bernie Morris, mfungaji mkuu wa Seattle, alikuwa na 37. Lakini Vancouver waliruhusu zaidi ya magoli matano kwa mechi, Seattle matatu na kidogo. Katika ligi ya magoli kumi, timu iliyojua kuzuia ndiyo iliyochukua ubingwa. Portland nao wanastahili kutazamwa: walifunga zaidi ya walivyofungwa, na bado walipoteza mechi kumi na tano. Timu ya namna hiyo inashinda kwa kishindo na kupoteza kwa bao moja moja.

Tatu, waandike watu kwa majina

Si kazi ndefu, walikuwa tisa tu. Golini Hap Holmes. Wengine ni Bobby Rowe, Ed Carpenter, Roy Rickey, Jack Walker, Frank Foyston, Bernie Morris, Cully Wilson na Jim Riley. Kocha na meneja alikuwa Pete Muldoon. Weka alama mbele ya Holmes, Carpenter, Walker, Foyston na Wilson: hao watano walichukuliwa kutoka Toronto mwaka 1915 timu ilipoanzishwa. Holmes, Walker na Foyston walikuwa tayari wametwaa Kombe la Stanley wakiwa Toronto mwaka 1914. Kwa hiyo mtu akikuambia Seattle walikuwa timu changa, mjibu kwamba klabu ndiyo iliyokuwa changa.

Wachezaji tisa, saba wakiwa uwanjani, mechi ya dakika 60. Hakukuwa na kupokezana kila baada ya dakika moja kama unavyoona leo. Mtu aliingia na kwa kawaida alibaki barafuni mpaka mwisho, akijua kujigawa: anapaa, anapunguza, anapaa tena.

Nne, vifuniko vya soda

Hapa usiwe na haraka, maana bila hatua hii fainali haieleweki.

Chora kiwanja kwenye karatasi kubwa, goli huku na goli kule, kisha kata mistari miwili ya buluu ili upate sehemu tatu. Panga vifuniko saba kila upande: golikipa, walinzi wawili, washambuliaji watatu mbele, na mmoja katikati yao asiye na makazi. Huyo aliitwa rova. Alikwenda popote mchezo ulipokwenda, akiwa mlinzi wa tatu dakika hii na mshambuliaji wa nne dakika inayofuata. Hiyo ndiyo hoki ya PCHA.

Sasa mwondoe rova kila upande. Wamebaki sita kwa sita, na hiyo ndiyo hoki ya NHA. Sukuma vifuniko uone nafasi iliyofunguka katikati. Mwenye kasi anapata uwanja wa kukimbia.

Bado kuna pasi. Weka shanga au punje ya mahindi iwe kile kisahani cha kuchezea. Magharibi, ukiwa kati ya mistari miwili ya buluu, uliruhusiwa kumpasia mwenzako aliye mbele yako. Mashariki hapana: aliyepokea pasi akiwa mbele ya mpasiaji alikuwa ameotea. Jaribu kuipeleka punje kutoka goli hadi goli kwa sheria moja, kisha kwa nyingine. Kwa sheria ya mashariki utajikuta unaibeba mwenyewe, unapiga chenga, unarudisha nyuma.

Rova wa Seattle alikuwa Jack Walker. Sifa yake kubwa ilikuwa kulilaza gongo karibu bapa kabisa juu ya barafu na kumnyang'anya mtu kisahani kwa kukikokota, bila hata kumgusa. Ukicheza na vifuniko, mweke Walker nyuma ya mshambuliaji anayebeba punje, umbali wa kidole kimoja. Utaona kwa nini timu nyingine zilichoka naye.

Tano, magazeti

Gazeti la Seattle Star la mwaka 1917 linasomwa bure kwenye hazina ya magazeti ya kale ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kiingereza cha wakati ule kina mbwembwe nyingi, lakini utakizoea. Mimi nilikosea jambo moja, nawe ujihadhari nalo: niliandika tarehe ya gazeti kana kwamba ndiyo tarehe ya mechi. Daftari langu lote la fainali likawa siku moja mbele. Mechi zilichezwa usiku, habari zikatoka siku iliyofuata. Andika siku ya wiki kando ya kila tarehe na hutapotea: 17 Machi ilikuwa Jumamosi, 20 Jumanne, 23 Ijumaa, 26 Jumatatu. Gazeti lisilotoka Jumapili litakuwa na habari za mechi ya kwanza Jumatatu tarehe 19.

Sita, fainali yenyewe

Ilikuwa ya mechi tano, anayewahi kushinda tatu anachukua kombe. Sheria zilipokezana: mechi ya kwanza na ya tatu za PCHA, watu saba, ya pili na ya nne za NHA, watu sita. Ipe kila mechi ukurasa wake.

Ya kwanza, Montreal 8, Seattle 4. Kwa sheria za mwenyeji, katika uwanja wa mwenyeji! Didier Pitre wa Montreal alifunga manne peke yake. Ukiishia hapo utaamini Seattle hawakuwa na lao.

Ya pili, Seattle 6–1. Ya tatu, Seattle 4–1. Ya nne, 9–1.

Usisome ushindi, isome safu ya Montreal peke yake: 8, 1, 1, 1. Timu iliyokuwa na Pitre na Newsy Lalonde, timu iliyopachika manane usiku wa kwanza, iliambulia matatu katika usiku mitatu iliyofuata, na mechi mbili kati ya hizo zilichezwa kwa sheria zake yenyewe. Mimi nilirudi kwenye vifuniko hapo, nikacheza sita kwa sita hadi vidole vikaniuma, nikimweka Walker hapa, Rowe pale, Holmes golini. Kufunga walikujua: katika mechi ya nne Morris alipachika sita, na katika mechi zote nne alikuwa na 14 kati ya 23 za Seattle. Magazeti yalimsifu, na alistahili. Lakini daftari lako litakuonyesha kwamba baada ya usiku wa kwanza hata magoli mawili kila mechi yangetosha kuchukua kombe.

Hakiki hesabu ya mwisho: Seattle 23, Montreal 11. Ukipata tofauti, kosa liko kwenye mechi ya kwanza, ndiyo ambayo watu huigeuza wakidhani mwenyeji alishinda zote. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Marekani kulitwaa Kombe la Stanley.

Ukurasa wa mwisho mpe Holmes. Andika miaka aliyolitwaa kombe: 1914 na 1918 akiwa Toronto, katika klabu mbili tofauti, 1917 Seattle, 1925 Victoria. Makombe manne, timu nne. Vezina aliyesimama goli la pili usiku ule ana tuzo yake NHL. Holmes naye ana yake katika ligi ya AHL, na kila mwaka inakwenda kwa golikipa wa timu iliyofungwa magoli machache zaidi.