Namna ya kukusanya kumbukumbu za chuo na utafiti wakati wa vita

Mimi ni mtu wa masijala. Maisha yangu ya kazi hapa Dodoma yamekuwa majalada, na Julai inapokaribia, Siku ya Mashujaa ikiwa mlangoni, vijana wa vyuo hunijia wakitaka kuandika habari za Vita vya Kagera. Wengi hutaka mapigano: daraja la Kyaka, mizinga, kuanguka kwa Kampala. Hayo yana waandishi tayari. Mimi nawasukuma upande mwingine. Nataka tujue maabara ilifanya nini miezi ile, jikoni walipika nini, utafiti gani uliahirishwa na upi uliendelea, na nani aliyeuendeleza. Mwaka 1978 nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam. Waliosoma na kufundisha pale wakati ule leo ni wastaafu, na baadhi yao wako hapa hapa kwetu, Area C, Kikuyu, Chamwino. Kuna waliokuja na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, enzi za mwanzo za kuhamia makao makuu. Kila mwaka tunawazika. Anza mwezi huu.

Kabla ya kumbishia mtu hodi, andaa ukurasa mmoja wa tarehe. Andika Machi 1978, wanafunzi wa Mlimani, yaani chuo kikuu hicho cha Dar es Salaam, walipoandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi na wengi wao wakafukuzwa. Andika mwisho wa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. Novemba 2, Mwalimu alipotangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Aprili 11, 1979, Kampala ilipotekwa. Na Juni 1979, mapigano yalipokwisha. Halafu uongeze ya baadaye: msako wa wahujumu uchumi wa 1983, na kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 12, 1984.

Hayo ya baadaye yana kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mzee atakuambia, "Wakati wa vita tulikosa hata sabuni." Anasema kweli, lakini huenda kichwani mwake foleni za 1979 na zile za 1983 zimeshakuwa foleni moja. Usimbishie. Muulize tu: "Ilikuwa kabla ya msako wa wahujumu au wakati ule ule? Ulikuwa umeshaoa? Mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa?" Watu hawashiki miaka, wanashika ndoa, misiba na uzazi. Kwa hiyo chora safu ya pili kwenye ukurasa wako, ya matukio ya nyumba yake, uijaze naye mkiwa mmekaa.

Tena usibebeshe vita kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mwaka mmoja kabla, na taasisi za utafiti zilizokuwa za pamoja zikabaki kila nchi ijitafutie. Bei ya mafuta nayo ilipanda 1979. Ukikuta rejista ya maktaba inaonyesha majarida ya nje yameacha kufika, usiandike "vita" haraka hivyo. Angalia tarehe ya toleo la mwisho, kisha uliza habari ya fedha za kigeni. Na kumbuka kwamba mwaka ule ule wa vita, 1979, Bunge lilitunga sheria ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Nchi iliyokuwa vitani ilikuwa pia inajenga utafiti. Mwandishi asiyeliona hilo ataandika nusu ya habari.

Sasa karatasi. Kumbukumbu nzuri za vita chuoni mara nyingi hazina neno vita juu yake. Tafuta daftari la safari za magari, kwa kuwa magari mengi nchini, hata ya watu binafsi, yalichukuliwa kwenda kusaidia jeshi. Tafuta rejista ya stoo, mihutasari ya vikao vya idara, orodha za zamu, hesabu za jiko. Kwenye tasnifu za 1979 hadi 1982 soma shukrani, kisha nenda moja kwa moja kwenye sura ya mbinu za utafiti. Huko ndiko mtu anapoeleza, kwa sentensi moja isiyo na makuu, kwa nini alibadilisha wilaya ya utafiti au kwa nini sampuli yake ni ndogo. Nakili sentensi hiyo kama ilivyo, na ukurasa wake.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Mzee mmoja wa njia ya Hombolo alikuwa msaidizi wa utafiti wa kilimo ujanani. Alinitolea daftari la mistari, jalada limeliwa na mchwa pembeni, ndani safi kabisa. Safu ya kwanza tarehe, ya pili mvua kwa milimita, ya tatu urefu wa mtama, ya nne ndege waharibifu, kwelea kwelea: "wachache", "wengi", "wamemaliza". Wino wa buluu hadi msimu wa mvua wa 1978 unaanza, kisha penseli. Pembeni pameandikwa "gari limeenda". Baada ya hapo vipimo vya shamba la mbali vinakatika, vya shamba la karibu vinaendelea, lakini kwa mwandiko mwingine, wa mviringo, namba saba ikiwa na kistari katikati.

"Shikamoo tena babu, huu mwandiko ni wa nani?"

"Wa mama watoto. Mimi nilikuwa mgambo. Alikuwa anaamka anapima, anaandika."

Yule mama hakuajiriwa na mtu. Ripoti haina jina lake popote. Mtama wa msimu ule una takwimu kwa sababu yake, na nilipomwita akaja akakaa nasi, alikumbuka siku mvua ilipojaza kipimo kikafurika. Basi kila unapoona mwandiko umebadilika, wino umebadilika au safu imeachwa wazi, weka kidole hapo uulize. Usipite.

Kuhusu mahojiano yenyewe, nenda asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Kuanzia saa sita unavuma kwenye kinasa kuliko mzee anavyosema, na chini ya mabati yanayotanuka kwa jua ndiyo usiseme. Omba mkae chumba chenye mapazia na makochi. Simu iweke hali ya ndegeni ili isiite katikati, iweke juu ya kitambaa, siyo juu ya meza tupu. Anza kwa kutamka mwenyewe tarehe, mahali, jina lako na jina la unayezungumza naye. Salimia kwa utaratibu. Ukikuta wenyeji ni Wagogo, "mbukwenyi" yako ya kujifunza jana itapokewa kwa furaha kuliko hotuba. Kunywa chai uliyoandaliwa. Swali la kwanza liwe la kawaida kabisa: chumba chako bwenini kilikuwaje, mlikuwa wangapi, mlikula nini siku ya wiki? Mtu akishaingia kwenye bweni lake, redio itaanza kusikika yenyewe, na atakuambia nani alikuwa nayo na nani walijazana kuisikiliza.

Ridhaa ipatikane kabla, na kwa maneno ya kueleweka: rekodi itakaa wapi, nani ataisikiliza, jina litajwe au lisitajwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mwenye kumbukumbu ndiye mwenye kauli. Akisema "hili liondoe", liondoe.

Hapa nisisitize jambo, maana vita si vya 1978 peke yake. Mapigano yalipoanza Khartoum, Aprili 2023, Tanzania iliwarudisha raia wake, wengi wao wanafunzi. Mwezi uliofuata kituo cha Mohamed Omer Bashir cha taaluma za Sudan, katika Chuo Kikuu cha Ahlia cha Omdurman, kikateketea na maktaba yake. Kule Wad Madani benki ya mbegu ya taifa iliporwa. Wataalamu waliokuwa na nakala za mbegu sehemu nyingine wakafanikiwa kupeleka sehemu yake, mtama na uwele zikiwemo, kwenye hifadhi ya mbegu ya Svalbard, Norway, mwanzoni mwa 2025. Sisi wa Dodoma tunaoishi kwa mtama na uwele tunaelewa uzito wa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Kwa aliyetoka kwenye vita vya sasa, kumbukumbu iko kwenye simu: makundi ya darasa ya WhatsApp, ujumbe wa sauti wa mhadhiri akiahirisha mtihani, picha ya ratiba ukutani. Mshauri ahamishe nakala leo, kabla simu haijapotea au kuuzwa. Lakini usiweke hadharani sura, mtaa wala jina la mwenzake aliyebaki kule, wala picha yenye taarifa za mahali ilipopigwa. Hifadhi kwanza, ifunge, uamuzi wa kuonyesha uje baadaye vita vikiisha. Na usimlazimishe aeleze alichokiona barabarani. Muulize masomo yake yalikatikia ukurasa gani. Akitaka kusema mengine atasema.

Ukirudi nyumbani, fanya kazi siku hiyo hiyo. Faili lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali. Nakala ziwe tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja ikae mbali, nje ya nyumba yako. Karatasi zipige picha karibu na dirisha bila mwanga wa kamera, mbele na nyuma, hata nyuma pakiwa patupu. Mikono iwe safi na mikavu. Usitumie selotepu, usifanye laminesheni, na nyuma ya picha za zamani andika kwa penseli laini pembezoni. Hali yetu ya ukavu inazifaa karatasi. Adui ni vumbi na mchwa, kwa hiyo boksi lisigusane na sakafu wala ukuta.

Karatasi halisi mrudishie mwenyewe, pamoja na maandishi ya mahojiano yaliyochapwa kwa herufi kubwa ayasome na kusahihisha. Masahihisho yake yabandike mwishoni na tarehe, usifute yale ya mwanzo. Kisha iandikie barua maktaba ya chuo kilichohusika, ambatanisha orodha ya ulichonacho, na uombe wakupe namba ya kupokelea.