Mwanafunzi wa famasia dirishani: jinsi ya kujifunza kutoa dawa

Kama unakaribia kuanza mafunzo kwa vitendo kwenye duka la dawa, anza na rafu kabla ya watu. Omba upewe kazi ya kupanga mzigo mpya. Wanafunzi wenzangu wengi waliiona kazi ya kibarua. Mimi ndiyo iliyonifundisha kuzijua dawa kwa sura. Inayokaribia kuisha muda hukaa mbele. Unapopanga, soma jina halisi la dawa na nguvu yake, usiishie kwenye jina la kibiashara. Utaona mwenyewe jinsi hidralazini ya presha na hidroksizini ya mzio zinavyokaribiana majina, nawe utataka zikae mbalimbali. Insulini inahitaji nyuzijoto 2 hadi 8, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Vidonge huhesabiwa kwenye sinia yake kwa kijiko bapa, tano tano, bila mkono kugusa. Ukimaliza penisilini, safisha sinia kabla ya kuhesabu dawa nyingine, kwa sababu vumbi lake linaweza kumdhuru mwenye mzio nayo.

Sasa dirishani. Cheti cha daktari kikifika, kisome chote kabla hujaigeukia rafu. Kikiwa cha mtoto, tafuta uzito. Usipoandikwa, uliza au mpime. Parasetamoli hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 hazidishi miligramu 180 kwa mara moja. Kwa chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Lakini ipo pia yenye miligramu 250 katika mililita 5, na mzazi akipima mililita zilezile mtoto anakunywa zaidi ya mara mbili ya dozi. Ndiyo maana nasisitiza: piga hesabu kwa kalamu kila mara, hata kama foleni ni ndefu, kisha mwoneshe mzazi mstari kwenye bomba la kunyweshea. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Dawa nyingine ya kusimama nayo ni methotreksati. Kwa ugonjwa wa viungo hunywewa mara moja kwa wiki. Ikinywewa kila siku huharibu uboho wa mifupa na inaweza kuua. Mwulize mgonjwa atainywa siku gani, na siku hiyo uiandike kwenye lebo. Cheti kisichosomeka usikikisie. Mpe msimamizi, awasiliane na daktari.

Anayekuja bila cheti anahitaji masikio yako zaidi. Swali la kwanza liwe dawa ni ya nani, kwa sababu mara nyingi aliyesimama mbele yako ametumwa. Halafu dalili, zilianza lini, ameshatumia nini, anatumia dawa gani nyingine. Kabla ya kutoa ibuprofeni, uliza kuhusu vidonda vya tumbo na ujauzito. Anayekohoa damu, au kichanga chini ya miezi 3 mwenye homa, hao usiwauzie kitu cha kutuliza. Waelekeze hospitali mara moja. Na jambo la siri liulize kwa sauti ya chini, pembeni.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya mwisho, ile ambayo foleni hujaribu kuikata. Usiulize "umeelewa?" Watu hujibu ndiyo kwa heshima tu. Sema, "Hebu nieleze utakavyoitumia ukifika nyumbani." Hapo utasikia antibiotiki ikipangwa kuachwa homa ikishuka. Mwenye pumu mwambie akuoneshe anavyovuta dawa yake: wengi huvuta haraka mno, wala hawabani pumzi kwa sekunde 10 kama inavyotakiwa. Unapotoa agizo, toa na sababu. Doksisaiklini inywewe kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale kwa nusu saa, kwa sababu kidonge kikikwama huunguza koo. Akijua kwa nini, atakumbuka.

Weka kijidaftari mfukoni. Swali lililokushinda liandike bila jina la mgonjwa, lisome usiku, na asubuhi mweleze msimamizi ulichopata kabla duka halijafunguliwa.