Kuandika maisha ya mpiga gita mzee

Ukitaka kuandika maisha ya mwanamuziki aliyezurura, usianze na tarehe ya kuzaliwa. Mwulize alipanda gari gani kuja Nairobi, na nani aliketi karibu naye. Nilipomwuliza hivyo baba mdogo, mpiga gita ninayeandika maisha yake, nyumbani kwake Makongeni, alinipa gari la moshi la Butere, kuku waliofungwa miguu chini ya viti, na wimbo alioanza kuutunga kabla ya kufika Nakuru. Mwaka wa kuzaliwa ungenipatia kitambulisho tu.

Njia hii nimeitoa kwa Woody Guthrie, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa Okemah, Oklahoma, mwaka 1912. Kitabu chake cha maisha, Bound for Glory, kilitoka 1943 kikiwa na michoro ya mkono wake. Kinaanzia ndani ya behewa la mizigo, wanaume wamebanana humo, vumbi limewajaa na ngumi zinarushwa. Ndipo kinarudi utotoni, na mwishoni kinatupandisha tena behewa lile.

Guthrie alitia chumvi, na wanaochunguza maisha yake hawakichukulii kitabu hicho kama kumbukumbu ya mahakama. Mzee wako naye atatia, kwa sababu hadithi zake amezisimulia baani miaka mingi na kila usiku zimeongezwa kitu. Kwa hiyo chukua daftari kubwa. Ukurasa wa kushoto andika maneno yake kama alivyoyasema. Wa kulia andika unachoweza kuthibitisha: jina na namba kwenye lebo ya santuri, picha yenye maandishi mgongoni, tangazo la dansi katika gazeti la zamani pale Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi. Kulia kukipingana na kushoto, usifute kushoto. Alivyotaka akumbukwe ni sehemu ya maisha yake.

Kurekodi kunahitaji subira. Machi 1940, Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alimketisha Guthrie mjini Washington, kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, akamwacha aongee na kuimba kwa saa kadhaa. Fanya vivyo hivyo: simu iwe inarekodi tangu chai inapomiminwa, na gita liwe karibu na mkono wake. Mzee akikwama kwenye jambo, vidole hulikumbuka kabla ya mdomo. Weka simu juu ya leso iliyokunjwa, mbali na chupa ya Fanta inayokwaruzwa kushika mdundo, maana mlio wake hufunika nyuzi zote. Mimi huenda siku za kazi asubuhi, watoto wakiwa shule. Jumapili vipaza sauti vya makanisa havikuachii nafasi.

Kwa kila wimbo uliza ulitungwa wapi, nani aliusikia kwanza, na yeye alilipwa kiasi gani. Swali la pesa usilionee haya. Mwaka 1941 shirika la umeme la Mto Columbia lilimwajiri Guthrie mwezi mmoja kwa dola 266 na senti kidogo, akatoka na nyimbo 26; hesabu hiyo inatueleza kazi yake kuliko sifa zozote. Baba mdogo alilipwa mara moja tu kwa wimbo ambao watu waliuimba Kaloleni yote, na mpaka leo akiutaja hushusha gita chini. Nimeandika na hilo la kushusha gita.

Misiba ya nyumbani usiikimbilie. Clara, dada yake Guthrie, alikufa kwa kuungua mwaka 1919, na mama yao akaugua akili hadi akapelekwa hospitali. Kitabuni mambo hayo tunayaona kwa macho ya mtoto, bila hukumu juu ya mama. Ugonjwa huohuo, Huntington, ugonjwa wa ubongo unaorithiwa, ndio uliomuua Guthrie mwenyewe mwaka 1967. Mzee akianza kusimulia kifo, zima maswali yako. Akikuomba jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe.

Ukimaliza, msomee yote kwa sauti katika lugha anayootea ndoto. Baba mdogo nilimsomea kwa Kiluhya. Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, pitia kila wimbo naye tena na uandike nani alipiga gita la pili, nani aliitikia, nani alikwaruza chupa. Hao majina yao hayakuwekwa kwenye lebo.