Picha za sayari kwa darubini ya uani: hewa kwanza, kamera baadaye

Kabla hujauliza ununue kamera gani, toka nje usiku uziangalie nyota. Zikiwa zinametameta kwa fujo hata zile za utosini, hewa ya juu imevurugika, na Mshtarii (Jupita) itaonekana kama duara linalochemka. Usiku wa namna hiyo mimi hulala. Nyota zikitulia, ndipo ninapobeba darubini, hata kama kesho nina kazi asubuhi.

Hewa ni muhimu kiasi hicho kwa sababu sayari ni ndogo mno angani. Mshtarii, kubwa kuliko zote, ina upana wa takriban moja ya arobaini tu ya upana wa Mwezi. Ukiikuza, unakuza na mtikisiko wote wa hewa iliyo kati yenu. Kwa hiyo hatupigi picha moja. Tunarekodi video yenye maelfu ya fremu, kisha programu inachagua zile chache zilizonaswa hewa ilipotulia kidogo na kuzirundika ziwe picha moja.

Chagua wakati. Sayari zilizo mbali na Jua kuliko Dunia hung'aa na kuonekana kubwa zaidi Dunia inapokuwa kati yake na Jua. Kwa Mshtarii hali hiyo hurudi kila baada ya miezi 13 hivi, kwa Zohali siku 378, na kwa Mirihi karibu miezi 26. Miezi miwili kabla na baada bado ni mizuri. Ningekushauri uanze na Mshtarii: inang'aa, ina mikanda ya mawingu, na ina miezi minne inayoizunguka, kama Mwezi wetu, inayoonekana waziwazi. Subiri ipande angalau nyuzi 30 juu ya upeo. Ikiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nene na kingo zake hupata rangi nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Zuhura na Utaridi ziache kwanza, maana hukaa karibu na Jua, na darubini ikielekezwa kwenye Jua bila kichujio maalumu mbele yake, jicho linapofuka.

Weka darubini kwenye nyasi ukiweza. Saruji na mabati hutoa joto la mchana hadi usiku mwingi, na joto hilo hupanda mbele ya lenzi. Itoe nje mapema, saa moja kabla, ili kioo kipoe kilingane na hewa. Kama ni darubini ya vioo, hakikisha vioo vimelingana, yaani vimeelekeana sawasawa kwenye mstari mmoja. Kazi hii wengi huiruka, halafu wanalaumu kamera.

Simu inatosha kwa kuanzia: ifunge kwa kishikio kwenye lenzi ya macho, rekodi video, na upunguze mwangaza mpaka mikanda ionekane. Ukitaka kuendelea, tafuta kamera ndogo ya sayari inayounganishwa na kompyuta. Kuhusu ukuzaji kuna hesabu rahisi: chukua ukubwa wa pikseli kwa maikroni, zidisha kwa 5, upate uwiano wa fokasi unaoufaa, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa darubini (huandikwa f/ na namba). Kamera yangu ina pikseli za maikroni 2.9, kwa hiyo natafuta kama f/14.5. Darubini yangu ni f/8, nami huongeza lenzi ya Barlow (lenzi ya ziada ya kukuza, huwekwa mbele ya kamera) ya mara mbili nikafika f/16. Zaidi ya hapo unapata picha kubwa yenye giza, basi.

Kuiingiza sayari kwenye kamera ndiko kunakokera kuliko yote, kwani eneo linaloonekana ni dogo sana. Linganisha kidarubini cha kulengea mapema, ukitumia Mwezi au nyota angavu, na uanze bila Barlow. Stendi yenye mota itakupunguzia kukimbizana nayo.

Fokasi usiiharakishe. Mimi hutazama miezi ya Mshtarii, si sayari yenyewe: ikiwa midogo kabisa kama nukta, nimefika. Zungusha upite kidogo, urudi, kisha uache mkono mpaka mtikisiko uishe. Muda wa kila fremu uwe mfupi, milisekunde 5 hadi 15 kwa Mshtarii. Zohali ina mwanga hafifu, inahitaji zaidi. Punguza eneo la kurekodi libaki sayari na nafasi kidogo pembeni, ndipo kamera itakaponasa fremu nyingi zaidi kwa sekunde. Fremu 100 kwa sekunde kwa dakika mbili zinakupa 12,000.

Dakika mbili, tatu ukizidisha. Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10, na video ndefu hufifisha mikanda. Rekodi kadhaa, na urudie fokasi kati yake.

Kwenye kompyuta, AutoStakkert, programu ya kuchagua na kurundika fremu, ni ya bure. Iambie ichukue asilimia 10 hivi ya fremu bora kama hewa ilikuwa mbovu, 25 au zaidi kama ilitulia. Kisha ipeleke picha kwenye RegiStax, programu ya kunoa picha ambayo pia ni ya bure, uinoe taratibu kwa vitelezi vyake. Ukiona utepe mweupe ukizunguka ukingo wa sayari au chembechembe zikitapakaa, rudisha kitelezi nyuma. Video asili usizifute siku hiyohiyo ingawa zinakula gigabaiti nyingi. Kesho yake, macho yakiwa yamepumzika, utagundua ulinoa kupita kiasi na utataka kurudia.