Alsace kwa gari: siku nne za watu wawili kwenye Njia ya Divai

Njia ya Divai ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ilizinduliwa mwaka 1953. Ina urefu wa kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim hadi Thann. Msiikimbilie yote. Pangeni chumba mjini Colmar kwa siku zote, muache mizigo hapo: kutoka hapo kijiji cha Eguisheim hakifiki kilomita 10, na kile cha Riquewihr hakizidi 20.

Gari la otomatiki liagizwe mapema, maana mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. Kadi ya amana iwe ya mkopo na yenye jina la dereva. Sajilini madereva wote wawili. Asiyesajiliwa akigonga, bima haimlindi. Leseni ya kimataifa itafutwe nyumbani kabla ya safari, na ile ya kawaida isiachwe.

Aliyezoea kushoto, kama sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda, hakosei penye magari mengi. Hukosea asubuhi, akitoka kwenye maegesho matupu. Basi mwenzake aseme "kulia!" kwa sauti kila wanapoingia barabarani. Tena kwenye njia panda isiyo na alama, anayetokea kulia ndiye apite kwanza, hata kama katoka kichochoroni.

Sasa kuonja, ambako ndiko safari huharibika. Kikomo cha kilevi ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa dereva mwenye leseni mpya. Mimino ya kuonja inaonekana midogo, lakini sita ya sentilita 4 ni sentilita 24, yaani glasi mbili za mgahawani. Kwa hiyo dereva wa siku ajulikane tangu kifungua kinywa, na yeye ateme kwenye chombo kilichowekwa mezani. Hakuna mwenye shamba atakayechukia. Wao wenyewe hutema.

Katika divai nyeupe za hapa, anzeni na Sylvaner, kisha Riesling, Pinot Gris, halafu Gewurztraminer, ambayo ukiinusa tu unapata waridi, kama marashi yetu ya mawaridi. Zile tamu za mavuno ya kuchelewa ziwe za mwisho. Mkizitanguliza, Riesling itawakaa mdomoni kama ndimu tupu.

Nyumba mbili za divai kwa siku zinatosha: moja saa nne asubuhi, nyingine saa tisa alasiri. Nyingi hufungwa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, na Jumapili. Septemba pigeni simu kwanza, kwani wenyewe wako shambani wanavuna.

Ngome ya Haut-Koenigsbourg, iliyojengwa upya kati ya 1900 na 1908 kwa amri ya Kaiser (mfalme mkuu) Wilhelm II wa Ujerumani, mfike inapofunguliwa. Riquewihr, gari libaki nje ya kuta.

Chupa msiziache kwenye buti wakati wa joto: divai hutanuka, ikasukuma kizibo. Na chupa ya Alsace ni ndefu na nyembamba, boksi la kawaida la divai halifungi juu yake. Ombeni boksi la hapohapo kwenye nyumba ya divai.