Rufaa ya kesi ya kujeruhi kwa hoja ya kujihami: angalia haya kabla hujaandika chochote

Ndugu yenu kahukumiwa kwa kumjeruhi mtu, familia nzima inasema alikuwa anajihami na mnataka kukata rufaa. Ni haki yake kabisa, lakini kabla hamjachanga hela ya wakili angalieni kalenda kwanza manake rufaa nyingi zinafia hapo. Kama kesi ilianzia mahakama ya mwanzo mna siku 30 tangu uamuzi utoke, na rufaa inaenda mahakama ya wilaya. Ila kama ilianzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi basi inaenda Mahakama Kuu, iwe Arusha iwe Moshi, na huku hatua ni mbili: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, alafu rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo (yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani) hauhesabiwi kwenye zile 45, lakini zile 10 hazisubiri nakala, notisi mnaitoa hata kama hamjapata karatasi hata moja. Aliyeko ndani, Kisongo au Karanga, anapitisha kwa mkuu wa gereza, na nyie mnaoenda kumuona muulizeni kaikabidhi lini. Muda ukipita mnaweza kuomba muongezewe lakini lazima muwe na sababu ya maana, na "hatukujua sheria" sio sababu.

Sasa mwenendo ukishapatikana usomeni wote kabla ya kuwaza sababu za rufaa. Hapa ndo naomba mnielewe vizuri: hoja ya kujihami inashinda au inashindwa kwa yale yaliyoandikwa kule mahakama ya chini kesi ilikosikilizwa, rufaa sio nafasi ya kuanza kuisimulia upya. Kwa hiyo mnatafuta vitu hivi. Je, alipojitetea alisema wazi kwamba alishambuliwa kwanza? Mlalamikaji alipotoa ushahidi, ndugu yenu alimuuliza swali hata moja kuhusu panga au fimbo aliyokuja nayo? Kama alikaa kimya alafu kwenye utetezi wake ndo akalileta, mahakama inaweza kusema ni hadithi iliyotungwa baadaye. Na maelezo aliyoandikisha polisi yanasemaje? Mtu kule polisi kasema hakuwepo kabisa eneo la tukio, mahakamani anasema alikuwepo ila alijihami, hapo kazi ni ngumu sana na wakili mkweli atawaambia hivyo mapema.

Angalieni pia alivyojibu siku ya kusomewa shtaka. Hili watu wanalipita haraka na ni la thamani kubwa. Aliyekiri kosa kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, anabaki na adhabu tu, lakini kama alijibu "ni kweli nilimkata lakini alinianza yeye na panga" na hakimu akaandika amekiri, huko sio kukiri kosa, huo ni utetezi, kesi ilitakiwa isikilizwe kwa mashahidi. Mkikuta jibu la namna hiyo kwenye mwenendo liwekeni juu kabisa kwenye sababu zenu. Mjue tu kwamba matokeo yake yanaweza kuwa kesi kusikilizwa upya, sio lazima mtu aende nyumbani siku hiyo.

Alafu nguvu aliyotumia. Kanuni ya Adhabu kuanzia kifungu cha 18 inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali, ila kwa nguvu inayostahili tu, ikizidi unawajibika kwa kosa lililotokana na hiyo ziada. Chukulia ugomvi wa mpaka kule Kibosho, mdogo mtu kang'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, wamekutana shambani, kaja na panga, kaka yake kampiga jembe la mkono panga likadondoka. Mpaka hapo kaka anasikilizika vizuri. Lakini kama baada ya panga kudondoka alimfuata mwenzie akiwa anakimbia akampiga kisogoni, PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, itasema jeraha liko nyuma, na jeraha la nyuma linamsumbua sana mtu anayesema alikuwa anajilinda. Someni PF3 kwa makini, jeraha liko wapi, mangapi, limesababishwa na kitu gani. Na kama ndugu yenu naye aliumia, PF3 yake iko wapi? Ilitolewa mahakamani au iko ndani ya begi tangu alipotibiwa Mawenzi au Mount Meru? Mahakama ya rufaa inaweza kupokea ushahidi wa ziada lakini mtaulizwa kwa nini haukutolewa mwanzo, jibu liwepo.

Na msichanganye kujihami na kuchokozwa. Alinitukana mama yangu nikampiga, hiyo ni hasira, inaweza kusaidia kwenye adhabu lakini sio kujihami.

Kinachosaidia warufani wengi ni hakimu kutoupima utetezi, yaani hukumu inaeleza mashahidi wa Jamhuri kurasa na kurasa, utetezi unapewa mstari mmoja. Ni sababu nzuri, iandikeni, ila mahakama ya rufaa ya kwanza ina uwezo wa kuupima yenyewe na bado ikafika palepale, kwa hiyo msiishie kulalamika, onyesheni utetezi ungepimwa ungeleta shaka gani. Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba alijihami, akileta shaka ya maana inatosha, mzigo ni wa upande wa mashtaka mwanzo mpaka mwisho.

Wazee wakitaka kuyamaliza nyumbani kwa isale, yaani lile jani la kuombea msamaha kwa Wachaga, ni jambo jema na mi naliunga mkono kabisa, ila ongeeni na wakili kabla, manake kuomba radhi kwa maneno ya "nilikosea kumpiga" mbele ya watu wakati rufaa inadai alijihami kunaweza kuja kuwasumbua, hasa kesi ikirudi kusikilizwa upya. Asiye na hela ya wakili aulize mahakamani au ustawi wa jamii kuhusu msaada wa kisheria, sheria yake ipo tangu 2017. Na dhamana wakati wa kusubiri rufaa inaombwa lakini ni ngumu kupewa mtu aliyeshatiwa hatiani, kwa hiyo kama kifungo ni cha miezi michache ombeni rufaa ipangiwe tarehe ya karibu, isije ikasikilizwa ameshamaliza kukitumikia.