Jaribio la amilesi na wanga: soma hapa kabla ya kuniuliza

Swali la "mbona amilesi yangu inafanya kazi hata kwenye nyuzi 80" nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Naliandika mara moja, likae hapa.

Nadharia kidogo. Amilesi ni kimeng'enya kilichomo kwenye mate, kazi yake kukata wanga. Kimeng'enya ni protini iliyojikunja ikaacha kishimo. Molekuli inayolingana na kishimo hicho huingia, hukatwa au huunganishwa, kisha hutoka, na kimeng'enya hubaki kilivyo, tayari kupokea nyingine. Mwaka 1894 mwanakemia Emil Fischer alifananisha jambo hili na ufunguo na kufuli. Mfano mzuri, ila kufuli halibonyei. Mwanabiokemia Daniel Koshland, mwaka 1958, alieleza kwamba kishimo chenyewe hujirekebisha, kama mto unavyobonyea kichwa kinapolala. Joto likipanda, molekuli hugongana zaidi na kazi huenda kasi. Likizidi, vifungo dhaifu vinavyoshikilia mikunjo huachia na kishimo hupoteza umbo. Basi, tuanze.

1. Koroga gramu 1 ya wanga kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka yatimie mililita 100. Acha upoe.

2. Suuza kinywa, tema mate, yazimue kwa maji mara 10 hivi. Kila mtu atumie mate yake.

3. Panga matone ya iodini kwenye kigae cheupe. Iodini ikikutana na wanga huwa bluu-nyeusi; wanga ukiisha, rangi hiyo haitokei.

4. Pasha wanga na mate KILA KIMOJA KWENYE TYUBU YAKE, dakika 5 au zaidi, kabla ya kuvichanganya. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilichanganya mezani, nikatumbukiza tyubu kwenye maji ya nyuzi 80, nikadhani nimeanza na 80. Tyubu haipati joto papo hapo. Ilipita 30, ikapita 40, na amilesi ikapiga kazi njia nzima. Ilipofika 80 wanga ulikuwa umeshakatwakatwa. Nikachora grafu yenye mstari wa kupendeza, nikaikabidhi. Mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ulichanganya lini?" Basi. Pima joto ndani ya tyubu, si la maji ya nje. Na usidondoshe iodini kwenye tyubu ya moto: rangi ya bluu hufifia kwa joto lenyewe hata kama wanga upo, na hurudi ikipoa. Peleka tone kwenye kigae kilichopoa.

5. Changanya mililita 5 za wanga na 1 ya mate, anza kuhesabu muda. Kila sekunde 30 dondosha tone kwenye iodini. Bluu-nyeusi isipotokea tena, andika muda.

6. Rudia kwa barafu, nyuzi 20, 37, 60 na 80.

MASWALI

Mgeni_wa_Maabara: Nimeweka kwenye barafu dakika 20, bado bluu. Kimeng'enya kimekufa?

Mwandishi: Hakikuwa hai. Ipashe tyubu hiyo hiyo hadi 37 uone.

Mgeni_wa_Maabara: Duh, bluu imepotea! Na ile ya 80 nikiipooza?

Mwandishi: Jaribu. Baridi hupunguza mwendo tu, moto huharibu umbo. Ukiona tofauti hiyo kwa macho yako hutaisahau.

Kasi_Kasi: Mimi nilichanganya kwanza halafu nikapasha, nimepata majibu ya ajabu. Tatizo nini?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kasi_Kasi: Si ungejibu tu?

Mwandishi: Nimejibu, tena kwa herufi kubwa.

Mdadisi: Nikiongeza wanga maradufu, mwendo nao unakuwa maradufu?

Mwandishi: Swali zuri hili. Wanga ukiwa kidogo, mwendo hupanda karibu sawa na unavyoongeza. Kisha vishimo vyote vinajaa, wanga uliobaki unapanga foleni, na kuongeza zaidi hakusaidii. Hapo ongeza kimeng'enya. Ila kuwa macho: wanga ukizidi, bluu itachelewa kupotea. Mwendo haujapungua, kazi ndiyo imekuwa kubwa. Usisome muda peke yake.

Mdadisi: Na pH?

Mwandishi: pH, yaani kipimo cha asidi na besi, hubadilisha chaji za umeme kwenye kishimo na kwenye mikunjo. Amilesi ya mate hustawi karibu na 6.8, pepsini ya tumboni karibu na 2.

Koti_Jeupe: Nilitia asidi kwa kidonge cha vitamini C. Bluu haikutokea hata kwenye tone la kwanza! Kumbe amilesi inapenda asidi?

Mwandishi: Ulidondoshea iodini wanga mtupu wenye vitamini C, bila mate?

Koti_Jeupe: Sikufanya. Ngoja... nao hauna bluu.

Mwandishi: Basi amilesi haihusiki. Vitamini C hugeuza iodini kuwa iodidi, isiyo na rangi. Tumia bafa, yaani mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike. Na kwa upande wa besi usitie soda kali (sodiamu hidroksidi), nayo hufuta rangi.

Koti_Jeupe: Kwa hiyo doa la iodini kwenye koti langu...

Mwandishi: Ponda kidonge, kiyeyushe kwa maji, lowesha doa, kisha suuza. Linatoka.